Kuandaa raundi ya mchujo ya spidiwei Tabora: waendeshaji 16, hiti 20, jioni moja

Hiti moja ya spidiwei, yaani mbio moja, huisha ndani ya dakika moja na ushei. Pikipiki nne huondoka pamoja, huzunguka njia ya udongo mara nne huku zikikunja kushoto tu, na wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho 0. Raundi ya mchujo ya ubingwa wa dunia huwa na waendeshaji 16 na hiti 20, na ratiba yake imepangwa ili kila mtu akutane na wenzake wote 15 mara moja, si zaidi. Mfumo huo unafaa kabisa kwa Tabora, penye ardhi tambarare, kiangazi kirefu na vijana wengi wanaozijua pikipiki za CC 125 na 150. Kazi kubwa ya mwandaaji ni kulinda usawa: udongo uwe sawa kwa wote 16, na mageti, yaani nafasi nne za kuondokea, yagawanywe sawa. Karibu kila agizo hapa chini linatokana na hilo.

Waambieni washiriki mapema kwamba raundi ya mkoa haimpi mtu tiketi ya ubingwa wa dunia. Kuingia kwenye mchujo rasmi kunahitaji leseni inayotolewa kupitia shirikisho la nchi lililo mwanachama wa FIM (shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki), pamoja na pikipiki halisi ya spidiwei: CC 500, silinda moja, mafuta ya methanoli, gia moja, haina breki, uzito usiopungua kilo 77. Wanaofanya vizuri kwenye mchujo huo huenda kwenye mashindano yanayoitwa Grand Prix Challenge, na wa juu wa hapo huingia kwenye mfululizo wa Grand Prix wa mwaka unaofuata. Mfululizo huo ulianza 1995. Kabla yake, tangu 1936, bingwa alipatikana kwa fainali ya siku moja.

Eneo na vipimo

Uwanja wa mpira hautoshi. Njia ya mita 300 inahitaji mstatili wa mita 147 kwa 69, na nje yake nafasi ya uzio, gari la wagonjwa na watazamaji. Tafuteni eneo la wazi nje ya makazi, lisilo bondeni. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye matairi ukipata maji, na hakuna greda inayoweza kuurekebisha.

Mistari mirefu ielekee kaskazini na kusini. Saa 11 jioni jua la Tabora liko chini upande wa magharibi, na kama mstari umeelekea huko, waendeshaji wanne wataingia kona ya kwanza bila kuona kitu. Jukwaa la mwamuzi, lenye kimo cha mita 3 hivi, liwe upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni mwake. Jua likimpiga usoni hatatofautisha helmeti nyeupe na ya njano kwenye mstari wa kumalizia. Watazamaji wakae mashariki, kwa kuwa upepo wa kiangazi mara nyingi hutoka huko na kusukuma vumbi kwenda magharibi. Jua litawasumbua kidogo, lakini kukaa jioni nzima ndani ya vumbi ni kubaya zaidi.

Upimaji ni huu. Pigeni vigingi viwili kwenye mstari wa kati, umbali wa mita 70. Kwa kila kigingi, chukueni kamba ya mita 24.5 na kuchora nusu duara: huo ndio ukingo wa ndani wa kona. Unganisheni nusu duara hizo kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 70. Sasa ongezeni kigingi kingine mita 4 nje ya kila kimoja cha mwanzo, na kutoka hapo chora nusu duara ya mita 34.5. Huo ni ukingo wa nje. Mtapata njia yenye upana wa mita 10 kwenye minyoofu na mita 14 katikati ya kona. Msiache kuhamisha kigingi. Mkitumia kituo kilekile cha mwanzo, kona itakuwa na upana wa mita 10 tu, na wanne wakiserereka pamoja hapo mmoja ataishia kwenye uzio.

Urefu wa mzunguko hupimwa mita 1 kutoka ukingo wa ndani, na kwa vipimo hivi unatoka mita 300. Ukingo wa ndani uwekeni chokaa tu. Msipange mawe wala matofali, kwa sababu gurudumu la mbele likigusa tofali wakati pikipiki imelala, mwendeshaji anarushwa.

Uzio wa kona ndio unaookoa watu. Viwanja vikubwa hutumia mito mikubwa iliyojazwa hewa. Hapa magunia ya pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa yanafaa: yasimamishwe safu mbili, kimo cha mita 1.2, yafungwe kwa kamba pamoja, na nyuma yake pawe wazi kwa mita 5. Pumba zikilowa huwa ngumu na nzito, kwa hiyo boza lisiyafikie. Nguzo za miti zisiwe mbele ya magunia hata moja. Mtazamaji yeyote akae mbali na nafasi hiyo ya mita 5.

Udongo

Hapa ndipo raundi nyingi za udongo huharibika, na hutumia muda mwingi kuliko kingine chochote.

Chini kabisa pawe pagumu: kifusi kilichomwagiwa maji na kushindiliwa kwa rola hadi kisigino cha buti kisiache alama. Juu yake inakuja tabaka la kuserereka, la sentimita 5. Eneo la njia ni takriban mita za mraba 3,800, hivyo mnahitaji mita za ujazo 190. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 6, ni safari 32.

Mchanga mtupu hautafaa, kwani gurudumu la nyuma litazama na kuchimba mtaro. Mfinyanzi mtupu nao huwa laini kama sabuni ukilowa. Anzeni na sehemu tatu za mchanga mnene wa changarawe ndogo na sehemu moja ya udongo wa kichuguu uliopondwa. Vichuguu vya misitu ya miombo vina udongo unaoshikana vizuri, ndiyo maana mafundi wa matofali wanaupenda. Chekecheni kila kitu kwa wavu wa milimita 8. Jiwe la sentimita 2 likirushwa na gurudumu la nyuma linavunja kioo cha helmeti ya anayefuata.

Kipimo cha mkono: chukua konzi ya mchanganyiko wenye unyevu, ukande, kisha fungua kiganja. Bonge likae, na likiguswa kwa kidole livunjike vipande vitatu au vinne. Likisambaratika lenyewe, ongezeni udongo wa kichuguu au maji. Likibonyea bila kuvunjika, mfinyanzi umezidi.

Maji: usiku wa kuamkia siku ya mashindano mwagieni lita 5 kwa kila mita ya mraba, jumla lita 19,000, yaani maboza mawili ya lita 10,000. Yamwagwe kwa awamu tatu zilizoachana nusu saa ili yazame badala ya kutiririka. Siku yenyewe, saa 7 mchana, wekeni nusu boza, kisha pitisheni reki ya kukokotwa na pikapu. Madimbwi ya maji yakionekana kwenye kona, subirini. Hakuna anayepaswa kuanza wakati udongo unang'aa.

Kanuni isiyovunjwa: greda na maji baada ya kila hiti nne, na si katikati. Katika hiti nne zinazofuatana, waendeshaji wote 16 wamepanda mara moja. Mkimwagilia baada ya hiti ya pili, nane wamekimbia kwenye vumbi na nane kwenye unyevu, na matokeo yao hayalinganishiki tena. Kila mapumziko yatumie kiasi kilekile cha maji, lita 2 kwa mita ya mraba, yaani karibu lita 7,600. Mkiwa na boza la lita 10,000 linalojaza mbali, wekeni maboza mawili yapokezane, maana kwa mapumziko manne mtahitaji zaidi ya lita 30,000.

Udongo husukumwa nje kila hiti. Anayekokota reki azunguke upande uleule wa mbio, chuma kikiwa kimeinama kuelekea ndani, aanzie karibu na uzio na kushuka. Akianzia ndani atazidi kuupeleka nje, na kufikia hiti ya 12 geti la kwanza litakuwa kwenye ardhi ngumu isiyo na mshiko. Eneo la kuondokea lirekiwe kwa mkono baada ya kila hiti, mageti yote manne, na watu walewale.

Pikipiki

Kwa raundi ya mkoa chagueni daraja moja na mlishikilie: CC 150, injini ya asili, kabureta ya asili. Ondoeni taa, indiketa, saiti mira, stendi zote, keria na sahani ya namba. Matgadi ya nyuma ibaki, na chini yake fungeni kipande cha mpira wa tairi kinachoning'inia karibu na ardhi ili kukata changarawe inayorushwa nyuma.

Breki inaleta mabishano kila mara. Pikipiki ya kimataifa haina breki kabisa, kwa sababu anayefunga breki ghafla katikati ya kona huua anayemfuata. Kwa daraja hili la mkoa tunapendekeza breki ya mbele itolewe kwa wote na ya nyuma ibaki kwa wote, ili mtu aweze kusimama akirudi piti, yaani eneo la pikipiki na mafundi. Kinachokatazwa ni kuchanganya: mmoja mwenye breki ya mbele na watatu wasio nayo ni ajali inayosubiri kona.

Swichi ya kuzima injini ni lazima. Iwe ya kuvutwa, kamba yake imefungwa kwenye mkono wa kulia wa mwendeshaji. Akianguka, kamba inachomoka na injini inakufa. Fundi wa waya aijaribu kwenye kila pikipiki mbele ya mkaguzi: injini ikiwa inanguruma, vuta kamba, izime papo hapo. Isiyozima haitoki piti. Waya wa kaba nao ukaguliwe: ikiachiwa irudi yenyewe, usukani ukiwa umekunjwa kushoto hadi mwisho.

Gia ni moja tu kwa hiti nzima. Wengi hutumia ya pili au ya tatu na kurekebisha sproketi ya nyuma hadi injini ifike mwisho wa kasi yake karibu na mwisho wa mnyoofu. Ikifika mapema, punguzeni meno mawili nyuma. Isipofika, ongezeni mawili. Upepo wa tairi ya nyuma uanzie psi 16. Ikishuka chini ya 14, tairi inaweza kuzunguka kwenye rimu na kung'oa pua ya tyubu.

Pikipiki zitokazo Kigoma zinahitaji uangalizi kidogo. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu 1,200. Hewa ni nyepesi zaidi, petroli inazidi, na plagi inatoka nyeusi yenye masizi. Shusheni sindano ya kabureta hatua moja, mjaribu, kisha muitazame plagi tena: rangi ya kahawia ndiyo mnayoitaka.

Mwendeshaji avae helmeti inayofunika uso mzima, buti, glavu, suruali na koti la ngozi au kitambaa kizito, na kiatu cha chuma mguu wa kushoto. Fundi wa kuchomelea akate bati la milimita 3 na kulipinda kwa umbo la soli ya buti, kingo zote zikunjwe juu. Ukingo uliobaki wazi hukwama ardhini na kuvunja kifundo cha mguu. Umri usipungue miaka 18.

Geti la kuondokea

Liwekeni katikati ya mnyoofu. Gawanyeni upana wa mita 10 hivi: acheni mita 1 ndani, mageti manne ya mita 2 kila moja, kisha mita 1 nje. Nguzo mbili zishike tepe mbili zilizokatiza njia, zikivutwa juu na mipira ya tyubu za baiskeli, na chini zizuiwe na pini mbili zilizounganishwa kwa kamba moja inayovutwa na mwamuzi au msaidizi wake. Urefu wa kamba hadi kila pini uwe sawasawa, ama sivyo upande mmoja utapanda kabla ya mwingine na geti la jirani litapata faida. Ijaribuni mara kumi huku mkirekodi kwa simu. Mipira ibadilishwe yote kwa pamoja, kwa kuwa mpya huvuta kwa nguvu kuliko iliyochoka.

Mwamuzi asivute kwa mdundo mmoja. Wakishatulia, angoje sekunde mbili mara hii, nne mara ijayo, ili mtu asikisie.

Ratiba na mageti

Namba 1 hadi 16 zitolewe kwa kura hadharani. Wa akiba wawili wapewe 17 na 18. Kisha:

Awamu ya 1: hiti 1 (1, 2, 3, 4), hiti 2 (5, 6, 7, 8), hiti 3 (9, 10, 11, 12), hiti 4 (13, 14, 15, 16).
Awamu ya 2: hiti 5 (1, 5, 9, 13), hiti 6 (2, 6, 10, 14), hiti 7 (3, 7, 11, 15), hiti 8 (4, 8, 12, 16).
Awamu ya 3: hiti 9 (1, 6, 11, 16), hiti 10 (2, 5, 12, 15), hiti 11 (3, 8, 9, 14), hiti 12 (4, 7, 10, 13).
Awamu ya 4: hiti 13 (1, 7, 12, 14), hiti 14 (2, 8, 11, 13), hiti 15 (3, 5, 10, 16), hiti 16 (4, 6, 9, 15).
Awamu ya 5: hiti 17 (1, 8, 10, 15), hiti 18 (2, 7, 9, 16), hiti 19 (3, 6, 12, 13), hiti 20 (4, 5, 11, 14).

Msibadilishe hata namba moja. Ukihamisha mtu mmoja kutoka hiti moja hadi nyingine, wapo watakaokutana mara mbili na wapo ambao hawatakutana kabisa.

Kugawa mageti kuna njia rahisi inayotokana na ratiba yenyewe. Chukueni hiti nne za mwisho kama makundi: A ni 1, 8, 10, 15. B ni 2, 7, 9, 16. C ni 3, 6, 12, 13. D ni 4, 5, 11, 14. Katika hiti zote 16 za mwanzo, kila kundi lina mtu mmoja. Basi awamu ya 1, A geti la 1, B la 2, C la 3, D la 4. Awamu ya 2, A la 2, B la 3, C la 4, D la 1. Awamu ya 3, A la 3, B la 4, C la 1, D la 2. Awamu ya 4, A la 4, B la 1, C la 2, D la 3. Kila mtu atakuwa ameondokea kila geti mara moja. Awamu ya 5 mageti yapigiwe kura. Rangi za helmeti zifuate geti: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 njano. Vifuniko vya kitambaa vinatosha.

Wakija 14 na hakuna wa akiba, acheni namba mbili wazi badala ya kutunga ratiba mpya. Namba mbili zozote hukutana hiti moja tu, kwa hiyo ni hiti moja itakayobaki na watu wawili, na kila aliyepo atakutana na kila pengo mara moja. Usawa haupotei.

Kanuni za mwamuzi

Kengele ikilia, dakika mbili. Asiyefika getini anaondolewa kwenye hiti hiyo na wa akiba anaingia. Anayegusa tepe naye vivyo hivyo. Anayesogea kabla ya tepe kupanda anaonywa, na onyo la pili linamtoa. Magurudumu yote mawili yakivuka mstari wa ndani, ameondolewa.

Mtu akianguka na hawezi kutoka njiani haraka, bendera nyekundu, hiti inarudiwa bila aliyesababisha, na waliobaki wanakaa kwenye mageti yaleyale. Wakigongana kona ya kwanza bila kosa la mtu mmoja, mwamuzi anaweza kuwarudisha wote wanne. Uamuzi huo utolewe ndani ya dakika moja. Mwamuzi anayeita mkutano wa viongozi katikati ya uwanja amepoteza jioni yake.

Karani wa pointi ana kinga nzuri dhidi ya makosa: kila hiti iliyomalizwa na watatu au wanne ina jumla ya pointi 6, na awamu nzima 24. Hiti zote 20 zinatoa 120. Jumla ikipungua, lazima kuwe na hiti iliyomalizwa na wawili au mmoja. Kama haipo, tafuteni kosa kabla awamu inayofuata haijaanza.

Sare ya nafasi ya mwisho ya kufuzu iamuliwe kwa hiti ya ziada, mageti yakipigiwa kura. Sare nyingine: aliyeshinda hiti nyingi, kisha aliyeshika nafasi ya pili mara nyingi, kisha aliyemaliza mbele walipokutana. Andikeni hili na mlibandike piti asubuhi.

Kama mnafanya raundi mbili, moja Tabora na moja Kigoma, wanane wa juu wa kila moja waende fainali, na pointi zianze upya. Fainali ya kwanza ya dunia, Wembley 1936, ilijumlisha pointi za raundi za awali. Bluey Wilkinson alishinda hiti zake zote tano usiku ule, pointi 15 kamili, lakini taji likaenda kwa Lionel Van Praag. Pia pangeni Kigoma kabla ya Oktoba, kwa kuwa mvua huko huweza kuanza mwezi huo.

Siku yenyewe

Kibali cha polisi na barua ya Afisa Michezo wa Manispaa vipatikane wiki kadhaa kabla. Magari ya wagonjwa yawe mawili. Likiondoka moja kwenda Hospitali ya Kitete, mbio zinaendelea. Yakiondoka yote, zinasimama hata kama imebaki hiti moja.

Anzeni saa 9 kamili alasiri. Hiti 20 kwa dakika 5 kila moja ni dakika 100, na mapumziko manne ya dakika 15 ni saa moja, hivyo mtamaliza saa 11:40. Jua linazama saa 12:40 hivi, kwa hiyo mna saa moja ya akiba kwa hiti za kurudiwa na sare. Mkichelewa kuanza hadi saa 10 akiba hiyo imekwisha, na awamu ya tano itakimbiwa kwenye giza linaloingia.

Baada ya hiti ya 20, karani na mwamuzi wasaini karatasi ya pointi, ibandikwe, na pingamizi zipokelewe kwa nusu saa. Mkaguzi abaki kwenye lango la piti hadi pikipiki ya mwisho. Iliyotolewa breki ya mbele na taa itoke kwa kusukumwa au kupakiwa kwenye gari, au irudishiwe vyote hapohapo na kujaribiwa kabla haijaingia barabarani.